Mgomba Uliohama

Kati ya watoto watano wa mama yangu, mimi ndiye niliyeolewa karibu. Wenzangu wametawanyika Dar, Mwanza na Dodoma. Mimi niko Rau, pembezoni mwa mji, nusu saa tu kutoka kwa mama huko Uru mlimani kama mvua haijanyesha. Watu husema fimbo ya mbali haiui nyoka. Ni kweli, lakini sijawahi kusikia mtu akiiuliza fimbo ya karibu kama imechoka.

Jumamosi ile ya mwanzoni mwa Desemba niliamka saa kumi na moja alfajiri nikakuta simu imejaa maagizo. Tuna kundi letu la familia la WhatsApp, na Krismasi ikikaribia linageuka ofisi ya mkuu wa wilaya. Kaka mkubwa, kutoka Dar, alitaka bomba la maji livutwe mpaka jikoni, kwa sababu mwaka jana wanawe walichota maji kwa ndoo wakalalamika mpaka wanaondoka. Dada wa Mwanza alitaka sebule ipakwe rangi ya maziwa, si nyeupe, maana nyeupe inafanya nyumba ionekane zahanati. Kaka wa Dodoma hakuagiza kitu, aliweka kidole gumba. Mdogo wetu wa mwisho, ambaye kwa mila ndiye mrithi wa kihamba cha baba, shamba linaloizunguka nyumba, na migomba yote na kahawa yote iliyomo, aliandika, “Dada, tunakutegemea.”

Desemba Wachagga wa kila kona hupanda mlima kurudi nyumbani, na nyumba ya kurudia lazima iwe imetengenezwa na mtu. Kwetu mtu huyo ni mimi, fundi cherehani mwenye miaka hamsini na miwili na goti bovu.

Lakini bomba na rangi ni mambo ya siku moja. Kilichokuwa kikininyima usingizi ni jirani yetu.

Jirani huyu ni mjane wa rika langu. Shule ya msingi tulikaa dawati moja. Tangu baba afariki, miaka tisa sasa, amekuwa akipita kwenye kigeti kilichopo kati ya kihamba chao na chetu, asubuhi na jioni, kumkatia mama majani ya ng'ombe, kumwashia moto, kumsemesha. Hakuna aliyemwajiri. Mwezi wa tisa mama alipoteleza jikoni akaanguka, ni yeye aliyemkuta na kunipigia simu. Mama ana miaka themanini na minne. Wageni wakishaondoka Januari, nyumba ile inabaki na mama, ng'ombe na kuku wanne, na sisi wote tulikuwa tunalala vizuri huko tuliko kwa sababu ya mwanamke yule. Wiki tatu kabla ya Jumamosi hiyo alikuwa ameacha kuja, kwa sababu mama alimwita mwizi.

Kisa ni sarafu. Baba alipouza kahawa yake ya kwanza, akiwa bado kijana, aliweka kando sarafu za shilingi tano, zile kubwa za zamani zenye pembe pembe. Siku hizi hazinunui hata pipi. Ila nyumbani kwetu kila mjukuu anayepandishwa mlimani kwa mara ya kwanza huwekewa moja kiganjani na babu au bibi, ndiyo kukaribishwa kwake. Baba alipofariki nyumba ilijaa watu wa msiba, mama akaogopa, akazitia sarafu kwenye kopo la maziwa ya unga akazifukia kihambani, chini ya mgomba wa mchare unaotazamana na dirisha la jikoni, hatua mbili kutoka kwenye shina, upande wa bondeni. Aliyemshikia jembe ni jirani. Kisha ikapita miaka tisa bila mjukuu kuzaliwa. Mwaka huu mdogo wetu na mkewe, baada ya kuhangaika muda mrefu mpaka tukaacha kuuliza, wamepata binti, na analetwa Krismasi. Mama akatoka na jembe, akahesabu hatua zake mbili, akafukua, hakukuta kopo.

“Waliojua pale ni wawili,” aliniambia kwenye simu. “Mmoja ni mimi. Kikulacho ki nguoni mwako.”

Mimi sikusema kwamba jirani ameiba. Hilo naomba lieleweke. Nilinunua tu mnyororo na kufuli jipya, nikapanda mlima, nikafunga kile kigeti, kwa usalama. Ng'ombe hajui habari za usalama, anajua majani. Ikawa mimi ndiye wa kupanda Uru kila baada ya siku moja kukata majani, huku sare za shule za watu zikinisubiri mezani na cherehani ikiota vumbi. Nilimkasirikia mama, nikamkasirikia jirani kwa kukasirika, nikawakasirikia ndugu zangu kwa sababu walikuwa mbali na walistahili.

Basi, Jumamosi. Saa mbili asubuhi nilikuwa mjini kwenye duka la vifaa vya ujenzi. Muuzaji akaniuliza, “Mama, bomba la nusu inchi au robo tatu?” Nikampigia kaka mkubwa. Kaka hajawahi kushika spana, lakini anajibu kama mhandisi. “Nusu,” akasema, “andika hata kwenye kundi.” Nikanunua nusu, na viungio vya nusu, na koki ya nusu. Nikaenda kwenye rangi. Rangi ya maziwa ya dada, ilipofunguliwa, ilikuwa rangi ya maziwa yaliyotiwa majani ya chai. Nikapiga picha, nikatuma, nikangoja. Jibu likaja kwamba labda ni mwanga wa dukani. Nikaichukua hivyo hivyo.

Bajaji ilinipandisha mpaka lami inapoishia, dereva akautazama utelezi akasema yeye ana watoto. Nikamalizia na bodaboda, ndoo ya rangi mapajani, mabomba yakiwa yametangulia mbele ya uso wa dereva, aliyekuwa akinilaumu kila kona kana kwamba mimi ndiye niliyeichonga.

Mama alikuwa kwenye kigoda nje ya jiko.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba. Ng'ombe analia tangu alfajiri.”

Sikuulizwa habari za safari wala za mume. Nikaweka ndoo chini, nikachukua mundu, nikaenda kukata majani na sketi yangu ya mjini. Fundi bomba tuliyeahidiana saa tatu alifika saa nne, ametulia kabisa, akaangalia mabomba niliyoleta, akayageuza mkononi, akasema, “Haya ni nusu. Bomba la barabarani hapa ni robo tatu.”

Nikashuka tena mjini. Muuzaji aliponiona hakucheka, nampa haki yake, alisema tu, “Nilikuuliza, mama.” Nikarudi Uru saa sita na nusu na mabomba ya robo tatu na kichwa kinachouma. Kwenye kundi niliandika neno moja, “Robo tatu.” Kaka akajibu kwamba ndivyo alivyokuwa anafikiria.

Tuligawana kazi. Fundi alianza kuchimba mtaro kutoka barabarani, mimi nikaingia sebuleni kutoa viti ili nipake rangi. Kila kiti nilichoinua kilitema kitu: kifungo, ganda la karanga, sarafu ya mia mbili, sarafu ya hamsini, rozari iliyokatika. Na kila sarafu ilipogonga sakafu, sauti ya mama ilitoka nje.

“Ni zile?”

“Hapana, mama. Ni chenji ya soda.”

“Angalia vizuri.”

“Mama, zile ulizifukia shambani. Haziwezi kuja kukaa kwenye kochi.”

“Mwizi akiona haya huwa anarudisha kidogo kidogo.”

Nilipaka ukuta kwa hasira mpaka rangi ikanirukia kwenye nywele. Mara ya nne aliponiuliza nilitoka nje na brashi mkononi nikamwambia nisiyopaswa kumwambia mama yangu: kwamba amemfukuza mtu aliyemtunza kuliko watoto wake watano, kwa ajili ya vyuma ambavyo hata muuza maandazi atavikataa, na kwamba Januari akianguka tena atabaki sakafuni mpaka siku yangu ya zamu. Mama alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema nina rangi puani.

Ni katika hali hiyo nilipokwenda kumkuta fundi, ambaye alikuwa ameacha kuchimba. Mtaro wake ulikuwa umekuja umenyooka vizuri mpaka karibu na dirisha la jikoni, halafu ukakunja kulia kuanza kuizunguka migomba. Mzunguko ule ulikuwa unahitaji bomba jingine, na bomba jingine lilikuwa mjini.

“Pitisha hapa, upande wa juu wa mgomba,” nilimwambia. “Njia fupi.”

“Hapo hapana, dada. Mgomba unakuja huko.”

“Unakuja?”

“Si unaona unavyopanda? Ukilaza bomba hapo, miaka miwili mitatu ijayo shina limelikalia, mizizi imelinyanyua. Mimi silazi bomba mbele ya mgomba.” Akaonyesha kwa koleo upande wa chini, kuelekea bondeni, ambako ardhini kulikuwa na mabaki ya mashina ya zamani, moja bichi kidogo, jingine limeoza, jingine limebaki shimo lenye udongo mweusi, yote kwenye mstari mmoja. “Mama yako anajua kazi. Anaacha mtoto wa upande wa mlimani peke yake, wengine anang'oa. Angalia mstari wake ulivyonyooka.”

Nilisimama pale nikajiona mjinga kuliko watu wote wa mkoa ule. Mimi nimezaliwa kihambani. Najua, na kila aliyelelewa kwa mtori anajua, kwamba mgomba huzaa mkungu mmoja tu ukakatwa, na pembeni yake unaacha mtoto achukue nafasi, na ukiacha watoto wa upande mmoja kila mwaka, shina zima linatembea kuelekea huko. Mama ndiye aliyenifundisha kuwachagua watoto hao nikiwa sijafika darasa la tatu. Na mama yule yule, aliyeuhamisha mgomba ule kwa mikono yake hatua kwa hatua kwa miaka tisa, alikwenda kupima kutoka kwenye shina kana kwamba ni nguzo ya umeme. Nami niliyeambiwa habari hiyo kwenye simu nilitikisa kichwa nikaenda kununua kufuli.

Nikamwita mama. Alikuja na fimbo yake, polepole.

“Mama, siku ulipofukia, mgomba ulikuwa hapa uliposimama leo?”

“Mgomba ni huu huu.”

“Ni huu huu. Ulikuwa wapi?”

Aliutazama. Macho yake yakashuka kutoka shina lililobeba mkungu mpaka lililokatwa, mpaka lililooza, mpaka kwenye lile shimo jeusi, na nikaona uso wake unabadilika.

“Ule wa msiba wa baba yako tulikwishaukata,” alisema. “Huu sijui ni mjukuu wake wa ngapi.”

Tulianzia kwenye shimo jeusi, hatua mbili kuelekea bondeni. Fundi alichimba shimo la kwanza akakuta jiwe. La pili akakuta mizizi ya mkahawa. Nilimwambia asogee kidogo kushoto, mama akasema kulia, nikasema mama tafadhali, fundi akachimba katikati yetu na koleo likalia kama limegonga sufuria. Kopo lilikuwa limeliwa na kutu mpaka likamvunjikia mkononi. Sarafu zilikuwa ndani, zimebadilika rangi, zimeshikamana na udongo, pembe zake zote bado zipo.

Mama aliketi palepale chini, akatandika khanga mapajani, akazipokea. Alizifuta moja moja kwa kidole gumba. Nilifurahi, nilifurahi sana, kwa muda wa kama dakika moja. Kisha nikazihesabu zile wiki tatu, majani yote niliyokata, sare ambazo wenyewe walikuja kuzichukua wakakuta hazina mikono, nikasema, “Haya, mama. Ziko palepale ulipoziacha. Sasa?”

Alifunga sarafu kwenye pindo la khanga, akanyoosha mkono nimwinue, akachukua kisu cha jikoni akaelekea kwenye mpaka wa kihamba. Huko ndiko yalikopandwa masale, mimea ile ya majani marefu tunayoiweka mipakani. Jani la isale kwetu lina kazi nyingine zaidi ya kuonyesha mpaka. Ukimkosea mtu unalikata, unalifunga fundo, unampelekea, na aliyeletewa isale hakatai kusamehe. Sijapata kumwona mtu akilikataa, hata katika kesi za ardhi. Mama alikata moja, akalifunga fundo.

“Twende,” akasema.

“Mama, rangi inakauka kwenye ndoo. Fundi anangoja kiungio. Twende kesho, tukitoka misa.”

“Nitakwendaje kupokea komunyo na jambo hili?”

Nikamfuata. Tulipofika kwenye kigeti mama alisimama, akanisubiri, na ilibidi nitoe funguo zangu mfukoni nitafute ule wa kufuli kati ya wa nyumba na wa duka la kushonea. Kufuli lilikuwa limenyeshewa likagoma. Nililipiga kwa jiwe mara kadhaa kabla halijafunguka, na mnyororo ukaanguka kwa kelele. Jirani alikuwa uani kwake anachambua maharage kwenye ungo. Alikuwa ametusikia kitambo. Hakusimama, ila aliacha kuchambua.

Mama alimwendea akamnyooshea jani kwa mikono yote miwili.

“Mwanangu, nimekukosea. Zilikuwepo palepale. Mgomba umehama, nami ndiye niliyeuhamisha, na akili yangu haikuuona. Nisamehe.”

Jirani aliweka ungo chini. Akafuta mikono kwenye khanga, akalipokea jani, akamshika mama mkono.

“Yameisha, mama,” alisema. Akamletea kigoda, akammiminia chai, akamuuliza kama ng'ombe anakula. Mama akaanza kumweleza habari za ng'ombe kwa kirefu, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyefunga siku nyingi akaletewa chakula.

Nilishusha pumzi. Kichwani nilikuwa nimekwisha kupanga: kesho rangi ya pili, Jumatatu narudi kwenye cherehani, Januari mama ana wa kumwangalia. Nilimwambia jirani yale ambayo mtu husema mambo yakiwa yameisha.

“Basi nashukuru sana, mwenzangu. Kesho pita kama kawaida, kigeti kiko wazi.”

Aliniangalia mikono. Ilikuwa na rangi na udongo na rundo la funguo.

“La mama nimelipokea,” alisema. “La kwako liko wapi?”

“Langu? Mimi sikukuita mwizi. Sikusema neno lolote.”

“Hukusema,” alikubali. Hakupandisha sauti, mama hata hakuacha kunywa chai. “Mama aliniita mwizi ametoka kufukua akakosa kitu cha marehemu mumewe. Hasira hiyo naijua, ningengoja ipoe. Wewe ulikuwa mjini. Ulitafuta duka, ukachagua kufuli, ukapanda nalo mpaka huku. Ulipokuwa unafunga nilikuwa nimesimama hapa hapa, na ulinisalimia.”

Ni kweli nilimsalimia. Nilimwambia habari za asubuhi, nikamuuliza watoto hawajambo.

Nilimtazama mama aseme kitu. Alikuwa ameinamia kikombe. Siku nzima nilikuwa nimehesabu makosa ya watu, ya kaka na dada na fundi na dereva na mama, kila moja na saa yake.

Nikageuka, nikapita kwenye kigeti, nikasimama mbele ya masale. Fundi aliniita kutoka jikoni, anataka kujua koki iwekwe upande gani, na simu mfukoni ilikuwa inatetemeka kwa maagizo. Nilimwambia asubiri. Nikakata jani, nikaanza kulifunga fundo.